Bamba la Shemeji

Kuna watu wakifiwa hulia hadi sauti ikakauka, kuna wanaozimia wakapepewa, na kuna Fundi Waya, ambaye siku ya kumzika mkewe alishinda akizunguka kuuliza kama viti vinatosha.

Viti vilitosha. Aliwashukuru wageni mmoja mmoja, akampa mama mkwe pole kana kwamba aliyefiwa ni mama mkwe peke yake, akawaonyesha waliotoka mbali mahali pa kulala, na chozi halikumtoka, hata la kusingizia. Watu wana macho, na wenye macho wana midomo. Kufikia jioni minong'ono ilikuwa imeuzunguka ua mzima. Aliyekuja kulisema waziwazi ni kaka wa marehemu, shemeji yake wa pekee, tena mbele ya watu: "Dada yangu aliishi na ukuta." Ukuta wenyewe ulikuwa umesimama pale pale, umeshika birika la chai.

Tusimwonee. Alimpenda mkewe, na anayebisha na abishe. Ila tangu asubuhi ile alipomkuta ameinamia nguo alizokuwa akizikunja, moyo umesimama bila hata kuaga, kitu fulani ndani yake kilikufa ganzi. Kilikuwa kama shavu la mtu aliyetoka kung'olewa jino: unaligusa, unajua ni lako, lakini halikujibu. Alikula bila ladha, akalala, akaamka, akaenda kazini. Siku zikapita naye akapita nazo.

Kazini ndiko alikokuwa akikutana na shemeji yake kila siku, kwa maana wote wawili walikuwa mafundi wa karakana moja. Karakana hiyo kazi yake ilikuwa kufufua vyuma vilivyolika. Shafti ya pampu ikisuguliwa miaka hadi ikakonda, huna haja ya kuitupa. Unaiparuza kwa mchanga mkali mpaka ngozi yake iwe yenye kukwaruza kama tupa, unaipulizia chuma kilichoyeyuka, tabaka juu ya tabaka, kisha unaichonga irudie kipimo chake. Njia za kupuliza ni kadhaa, na mwamba ngoma huvutia kwake.

Fundi Waya, kama jina lake la utani linavyosema, alikuwa mtu wa waya. Nyaya mbili zinakutana kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia, umeme unaziyeyusha, upepo wa kompresa unazirusha. Kazi ya haraka, ya gharama nafuu, na tabaka lake unaweza kulinenepesha upendavyo. Shemeji yake alipuliza kwa bunduki ya kasi: mafuta ya taa na oksijeni vinawaka tumboni mwa bunduki na kurusha unga wa chuma kigumu kwa mwendo unaopita wa sauti. Kelele zake zilikuwa kero ya mtaa. Bibi wa jirani alisema kuku wake wameacha kutaga. Lakini tabaka lilitoka jembamba na gumu, limeshikana bila vitundu. Kulikuwa pia na bunduki kongwe ya moto wa gesi, ambayo Bosi, mama mwenye karakana, alianza nayo maisha. Siku hizi ilibaki kwa kazi ndogondogo.

Miaka yote bunduki ya waya na bunduki ya kasi zilikaa vibanda viwili jirani bila ugomvi, mpaka mhandisi wa pampu za maji alipokuja na shafti zake. Maji aliyokuwa akiyavuta yalikuwa ya mto wenye mchanga, na shafti zilikuwa zinaliwa kama mihogo. Alitaka njia moja kwa shafti zote, na alitaka ithibitishwe kwa majaribio, si kwa maneno ya mafundi. Kazi ilikuwa ya miaka. Bosi akawaita wote, akasema bila kuzunguka.

"Kompresa ni moja na mashine ya kunyonya vumbi ni moja. Kazi hii itavimeza vyote viwili. Njia itakayoshinda inabaki. Itakayoshindwa, kibanda chake kinafungwa."

Kila mtu alielewa maana yake. Bunduki ya kasi haikuwa ya karakana, ilikuwa ya kukodi. Ikishindwa inarudi kwa wenyewe, na shemeji hana kazi nyingine pale. Waya ikishindwa, Fundi Waya atapelekwa chumba cha mchanga, ambacho hakikuwa na mtu tangu marehemu afariki.

Maana huko ndiko alikokuwa mkewe. Yeye ndiye aliyekuwa akiparuza vyuma vya karakana nzima, mwanamke mfupi, mwenye kofia inayomfunika hadi mabegani, na sauti kubwa kuliko kimo chake. Yeye pia ndiye aliyeleta ile desturi ya kelele. Chuma kikishaparuzwa hakiguswi kwa mkono mtupu. Mafuta ya kidole hayaonekani, jasho halionekani, lakini tabaka likikaa juu yake halishiki. Siku yoyote linabanduka kama ganda la kidonda. Basi marehemu aliweka sharti kwamba yeyote atakayeona mkono mtupu juu ya chuma kilichoparuzwa apige kelele moja tu: "Mkono!" Chuma kinarudi mchangani, aliyegusa anawanunulia wenzake soda, yameisha. Hakuna kugombezwa, hakuna kununa. Bosi mwenyewe aliwahi kunywesha watu soda, tena akiwa na mgeni.

Siku ya kutayarisha mabamba ya majaribio, kila fundi alijiparuzia lake. Bamba la moto wa gesi Bosi aliliparuza mwenyewe, akipiga mluzi, hana matumaini nalo. Fundi Waya akafuata. Alivaa glavu, akaparuza, akatoka na bamba lake amelishika kwa kingo, akalipuliza, akaliweka lipoe. Kazi ilikuwa safi kabisa. Mikono yake haikutetemeka, jicho halikupepesa, na hakuona kama hiyo ni sifa.

Kisha akarudi kuchukua barakoa aliyoisahau, na kupitia kile kidirisha cha chumba cha mchanga, ambacho kimekwaruzwa hadi kinaonyesha nusu nusu, akamwona shemeji yake.

Shemeji alikuwa amemaliza kuparuza. Bamba lake lilikuwa mezani, la kijivu, halina mng'ao, kama inavyotakiwa. Alikaa afunge kamba ya kiatu, akakaa kwenye kigoda cha dada yake. Kigoda hicho marehemu alikikata miguu mwenyewe kwa msumeno wa chuma ili miguu yake ifike chini, na shemeji ni mtu mrefu. Magoti yakamjia kidevuni. Akabaki hivyo, kama nzige. Akajitazama, akacheka.

Alicheka vizuri, peke yake, mabega yakipanda na kushuka. Halafu mabega yakatulia, mdomo ukapinda upande mmoja, na kicheko kikageuka kilio bila kupita popote. Akavua barakoa. Akavua glavu ya kulia. Akajifuta uso mzima kwa kiganja, macho, pua na mdomo. Akainuka akivuta makamasi, akaona bamba limekaa upande, na kwa kiganja kile kile chenye maji akalinyoosha.

Fundi Waya aliliona hilo, na neno lilikuwa mdomoni, fupi, la kila siku. Halikutoka. Alisimama nje ya kidirisha akitazama, hadi shemeji alipojipangusa kwa mkono wa shati, akavaa glavu, akabeba bamba kwa uangalifu wote wa fundi mzuri na kulipeleka kwenye kibanda chake. Punde bunduki ya kasi ikanguruma na kuku wa jirani wakapiga kelele.

Mabamba yalipokuwa tayari, mhandisi alikuja na vifaa vyake. Alikuwa mtu makini, hana makuu, anayesikiliza kabla ya kusema. Kwanza akayasugua mabamba yote kwa gurudumu la mpira na mchanga wenye maji, akayapima uzito kabla na baada. La moto wa gesi lilipungua sana. La waya likapungua kiasi. La shemeji lilikuwa kama halijaguswa, na shemeji akajiruhusu tabasamu.

Kisha ikaja mashine ya kuvuta. Juu ya kila bamba mhandisi alikuwa amegandisha vifundo vya chuma kwa gundi kali. Sasa akawa anakivuta kila kifundo kwa mashine ya mkono, mshale wa kipimo ukipanda, mpaka kitu kiachie. Gundi ikiachia kwanza, tabaka ni imara. Tabaka likiachia, hapo ndipo penye maneno. La moto wa gesi liliachia mapema, Bosi akasema "Nilijua," akaenda kupokea simu. La waya lilivumilia, mshale ukapanda hadi mahali pa heshima, likakatika katikati ya tabaka lenyewe. La shemeji likatoka kabla hata mshale haujafika nusu ya pale. Kifundo kiliruka na kipande cha tabaka, na chini yake chuma kikaonekana kitupu, safi.

"Haiwezekani," shemeji alisema.

Mhandisi akavuta kifundo cha pili. Kikatoka vile vile. Cha tatu, kilichokuwa kona ya mbali, kilikataa katakata hadi gundi ikaachia. Mhandisi akakunja uso, akasema kwa upole kwamba tabaka linaloshika hapa na kuachia pale hawezi kulipeleka mtoni. "Lisipolika lakini likadondoka, limenisaidia nini?"

Shemeji alikuwa amelishika bamba, akiligeuza kwenye mwanga. Alitafuta kosa kwenye unga, kwenye oksijeni, kwenye umbali wa bunduki. Kwenye mkono wake hakutafuta, maana mtu anayelia hahesabu mahali alipoweka mikono. Bosi akasema kazi ni ya waya, na bunduki ya kasi irudishwe ikishasafishwa. Mafundi wakampiga Fundi Waya mabegani. Alisimama akapokea makofi yale kama mtu anayepokea mzigo wa jirani.

Nyumbani, binti yake alikuwa amepakua. Alikuwa mtoto wake wa pekee, mtu mzima sasa, aliyekuwa amehamia kwa baba tangu msiba kwa kisingizio kwamba kwake maji yanakatika.

"Wamesema umeshinda, Baba."

"Waya imeshinda."

"Na mjomba?"

"Bunduki yake inarudishwa kwa wenyewe."

"Nimeuliza mjomba, sijauliza bunduki."

Fundi Waya akanyoosha mikono anawe. Binti akammiminia maji.

"Unajisikiaje, Baba?"

"Nimeshiba."

"Hujala bado."

Alitazama sahani, akaona kweli hajala, akala. Alijua kwamba angepaswa kujisikia vibaya. Mjomba wa mtoto huyu, kaka wa pekee wa mkewe, anafukuzwa kazi kwa kosa ambalo neno moja lingelirekebisha kwa kikapu cha soda. Alijua hilo kama unavyojua mji mkuu wa nchi ya mbali. Alilitafuta jambo hilo lilipo kifuani, akabonyeza, halikuuma. Jambo hilo la kutouma ndilo lililomtia hofu kidogo, na hofu yenyewe ilikuwa hafifu.

Asubuhi alimkuta Bosi ofisini akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake.

"Ipo juu ya kichwa," Fundi Waya akasema. Halafu, kwa sauti ile ile, "Bamba la shemeji liliguswa."

"Liliguswa na nani?"

"Na yeye mwenyewe. Mkono mtupu, baada ya kuparuza. Hakujua."

Bosi akashusha miwani polepole. "Umejuaje?"

"Nilimwona. Dirishani."

"Ukapiga kelele."

"Hapana."

Watu walikuwa wamegombana pale, wameibiana spana, wamenyimana mialiko ya harusi, lakini hakuna aliyewahi kuona mkono mtupu juu ya chuma akanyamaza. "Marehemu angekung'oa masikio," Bosi alisema. "Kwa nini?"

"Sijui."

"Nikirudia jaribio unajua kitakachokipata kibanda chako?"

"Najua. Lakini bamba lile lina mkono, Bosi. Haliwezi kuhesabiwa."

Usidhani dhamiri ndiyo iliyomsukuma, dhamiri nayo ilikuwa imelala. Ilikuwa ni mazoea ya kazi tu, kama mtu anavyofunga bomba linalovuja hata akiwa nyumba ya ugenini. Bosi akampigia mhandisi simu, akaeleza bila kuficha, na mhandisi akasema afadhali kujua sasa kuliko kujua mtoni.

Mambo hayafichiki kwenye karakana. Kabla ya chakula cha mchana kila mtu alikuwa na habari, na kila mtu alikuwa na maelezo. Wengi walikubaliana kwamba ni kisasi cha lile neno la ukuta. Mchomeleaji, ambaye hakuwahi kuona kidonda asikitie chumvi, alipita karibu akisema na hewa: "Kikulacho ki nguoni mwako." Shemeji alipiga hatua mbili kumwelekea Fundi Waya, akasimama, akageuka akaenda zake. Tangu msiba hawakuwa wakisemezana zaidi ya kazi. Sasa hata kazi walisemezana kwa kupitia watu.

Bamba jipya likaparuzwa Bosi akiwa amesimama pale pale, mikono kiunoni. Likapulizwa, likagandishwa vifundo. Mhandisi akarudi na kuvuta. Safari hii mshale ulipanda ukapita alama ya waya, ukaendelea, mafundi wakasogea karibu, na kilichoachia kilikuwa gundi. Tabaka lilibaki lilivyo. Vifundo vyote vitatu, hadithi moja. Mhandisi akampa shemeji mkono. Alipofika kwa Fundi Waya alimpa mkono pia.

Kwa hiyo kibanda cha waya kikafungwa, na Fundi Waya akaambiwa chumba cha mchanga ni chake kuanzia wiki ijayo. Akasema sawa. Jioni hiyo hiyo akaanza kukipangua kibanda, akikunja nyaya, akifungua mipira ya upepo, akipanga skrubu kwenye kopo kwa ukubwa wake. Wenzake walishaondoka. Ndipo mlango ukajaa mtu mrefu.

"Nataka uniambie nilikukosea nini," shemeji alisema.

"Hujanikosea."

"Ni yale maneno ya siku ya mazishi?"

"Yale yalikuwa kweli."

"Sasa kwa nini!" Sauti ilipiga bati la kibanda ikarudi. "Nisingekuwa na kazi. Watoto wangu unawajua, umewabeba mgongoni. Ulisimama pale dirishani unanitazama. Ulikuwa unanitazama, ukweli au uongo?"

"Ukweli. Nilikuwa nakutazama."

"Ulikuwa unasubiri niharibu."

"Hapana." Fundi Waya aliweka kopo la skrubu chini. Alikuwa anatafuta maneno kwa uangalifu, maana yalikuwa mageni hata kwake. "Nilikuwa nakutazama unavyolia. Ulianza kwa kucheka. Mimi sikujua kwamba inaweza kuanzia kwenye kucheka. Halafu mabega yakatulia, halafu mdomo. Nikawa nasema, kumbe inapita hapo. Ulipoweka mkono kwenye bamba niliona, sikatai. Lakini kama ningepiga kelele ungeacha. Sikutaka uache. Nilitaka nione mpaka mwisho, nijue mtu anafanyaje."

Shemeji alibaki ameshika fremu ya mlango.

"Hujalia bado?"

"Bado."

"Hata ukiwa peke yako?"

"Nimejaribu. Nimesimama mbele ya kioo nikavuta uso hivi." Akauvuta uso kumwonyesha, mdomo chini, macho yamebana, sura mbaya isiyo na kitu ndani yake. Kisha akauachia. "Hakuna. Binti akigonga mlango naosha uso natoka."

Nje kompresa ilikuwa inashusha pumzi zake za mwisho za siku. Shemeji alimtazama mtu yule ambaye dada yake alimchagua, aliyeshika koleo mkono mmoja na kipande cha waya mkono wa pili, akimngoja amwambie afanye nini. Hasira aliyokuja nayo aliitafuta akaikosa. Kidevu kikaanza kumtetemeka, na kwa mazoea ya wanaume wote akageukia ukutani.

Halafu akajirudi. Akaingia ndani, akasogea chini ya taa ya kibanda, pale penye mwanga mwingi, akageuza uso kumwelekea shemeji yake, akaacha mikono ianguke ubavuni, akalia. Hakujifuta. Fundi Waya akasogea hatua moja, macho makavu, akamtazama kwa karibu.